Yule jamaa wa meza za usiku leo kaniandikia "asante kwa nauli". Kwa MBILI YA URU!!

Ree wa Kopa (mwanzisha uzi):

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, simu nimeikumbatia isije ikaenda ukutani. Jina sitaji, mnamjua. Yule wa klabu yetu ya Omaha (poka ya karata nne, tunacheza kwenye simu) mwenye picha ya paka kavaa miwani, anayecheza kila mkono utadhani karata anagawiwa bure na serikali ya mtaa. Huyo huyo.

Nilikuwa na mkakati mpya. Nimeutoa kwenye video za Wazungu, nimeukeshea, daftari ninalo. Unapewa karata nne, sawa, lakini nyingi takataka, kwa hiyo unafoldi (unazitupa), unafoldi, unafoldi, mpaka uone ree mbili, kila moja na mwenzake wa rangi yake (shupaza kwa shupaza, kopa kwa kopa). Hapo unapiga poti (dau sawa na hela zote zilizo mezani). Basi. Nimefoldi mpaka programu ikaanza kuniuliza kama bado nipo.

Usiku huu zikaja. Ree ya shupaza, ree ya kopa, kingi wa shupaza, kumi ya kopa. Nikapiga poti. Meza nzima wakakimbia, watu wenye akili zao. Yeye? Akakoli (akalipa dau langu) hata sekunde haijaisha.

Flopu (karata tatu za kwanza za mezani): ree ya uru, tisa ya shupaza, nne ya maua. Ree TATU wakuu. Nikacheki (nikapita bila dau), nimtege. Naye akacheki. Tani (karata ya nne ya mezani) ikaja kwini wa shupaza, sasa nina ree tatu na juu yake nasubiri flashi (karata tano za rangi moja) ambayo hakuna wa kuipita. Nikapiga poti. Akakoli.

Riva (karata ya tano, ya mwisho): mbili ya uru.

MBILI. YA. URU. Karata ambayo kazi yake ni lasti kadi, kumlisha mtu mbili!

Nikacheki, akapiga poti, nikalipa, akafunua: jeki, sita, tano, tatu. Tano na tatu! Kumbe muda wote alikuwa anaisubiri mbili! Ree, mbili, tatu, nne, tano, sitreti (tano mfululizo, inazipiga ree tatu) ya chekechea. Mtu mzima, ana ndevu (sijawahi kumwona ila najua anazo), anakaa na simu yake usiku wa manane anasubiri mbili!

Angekula akanyamaza ningelala. Akaandika pale mbele ya watu wote: "Asante kwa nauli."

Nauli!! Nimewahi kutapeliwa kiwanja, na yule tapeli hakuniambia asante. Naomba wakala (anayetushikia hela za klabu) amtoe huyu mtu klabuni leo leo. Anaua mchezo. Mbili ya uru jamani.

Ngamia Bubu:
Nimewahi siti ya mbele. Leteni bisi.

Mzee wa Poti:
Mkuu pole, umepigwa na kitu kizito. Swali moja tu. Flopu una ree tatu, ukacheki?

Ree wa Kopa:
Nilikuwa namtega. Soma uzi.

Mzee wa Poti:
Umemtega, ukampa tani bure. Haya, riva kuna ree, mbili na nne mezani, mtu aliyekuwa anakoli tu anaamka na poti nzima, na wewe UKALIPA?

Ree wa Kopa:
Seti ya ree unaifoldije? Wewe ungeifoldi? Acha uongo. Tunazungumzia mtu anayesubiri MBILI.

Binti Pwani:
Nacheka mwenyewe kwenye daladala watu wananiangalia. "Ana ndevu, sijawahi kumwona ila najua" 😂😂

Hesabu za Mtaani:
Tuwe wakweli, jamaa ana haki ya kukasirika. Pale kwenye tani karata nane za mikononi na nne za mezani zinajulikana, zimebaki 40. Mbili ziko nne, ila ile ya shupaza ingempa mwanzisha uzi flashi. Kwa hiyo paka alikuwa na karata tatu tu kati ya 40, asilimia 7.5. Huo si mchezo, ni maombi.

Ree wa Kopa:
ASANTE. Hata mbili zenyewe hakuwa nazo zote nne! Halafu anaandika nauli!

Hesabu za Mtaani:
Ila sasa nimeingia kwenye meza yenu ya senti 5 na 10 (dau za kuanzia). Poti ya kwanza dola 0.35, flopu mmecheki, tani 0.85, riva 2.55. Jumla umepoteza dola 3 na senti 75.

Ngamia Bubu:
Dola tatu????

Binti Pwani:
Kwa hiyo hakukutukana. Hiyo KWELI ni nauli. Tena ya daladala na bodaboda ya kumalizia.

Ree wa Kopa:
Sio hela ni HESHIMA. Angekuwa kachukua mia tano akanyamaza nisingefungua uzi.

Kiazi Mbatata:
Samahani nauliza, Omaha ndiyo kule Marekani anakoishi Buffett?

Profesa wa Kijiweni:
Mji upo Nebraska, na Buffett yupo huko. Mchezo lakini ulipata umaarufu Las Vegas, kwenye kasino ya Golden Nugget, na mwanzoni waliuita Nugget Hold'em. Tofauti yake na poka ya Texas ni kwamba Texas unapewa karata mbili, Omaha nne, na LAZIMA utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si pungufu si zaidi. Karata nne zinakupa michanganyiko sita ya karata mbilimbili, ndiyo maana kila mtu mezani huwa ana kitu. Ree mbili kwenye Texas zinampiga mkono wa kubahatisha kama mara 85 kwa 100. Ukija nazo Omaha na kiburi hicho hicho utalia.

Kiazi Mbatata:
Nimeuliza kuhusu Buffett tu mkuu.

Dereva Bajaji:
Mimi namjua huyo paka. Mwezi uliopita kanipiga kwa kufuata flashi ya sita wakati mezani kuna jozi na mimi nina fulu hausi (tatu na jozi, inaipiga flashi)... subiri, hapana, mimi ndiye niliyekula. Lakini aliniudhi.

Mlinzi wa Zamu:
Mwanzisha uzi anataka wakala amtoe mtu anayekoli poti na jeki sita tano tatu. Hebu rudieni taratibu. Anataka TUMTOE. Mkuu, huyo ndiye anayelipa kodi yangu ya nyumba! Kila usiku namwombea afya na bando. Ukimfukuza tutabaki sisi kwa sisi, tunafoldi mpaka kunakucha na meza inakata asilimia tano zake kwenye kila poti.

Mzee wa Poti:
Hapo kwenye kukata ndipo penye kesi. Paka kachukua dola tatu mara moja. Yule mwenye meza, mnamjua, anachota kila poti usiku kucha na hakuna aliyewahi kumfungulia uzi. Halafu ukitaka kutoa hela wakala anakwambia "subiri Jumatatu". Jumatatu ipi?

Dereva Bajaji:
Hiyo Jumatatu hata mimi naisubiri.

Ree wa Kopa:
Wakuu mada ni mbili ya uru.

Mkeka Wangu:
Nyie mna bahati mnapigwa na karata. Mimi jana mkeka wa timu kumi na mbili, kumi na moja zimetiki, namalizia moja, inaongoza bao moja, dakika za nyongeza. Yule kipa (mnamjua) akadaka mpira vizuri kabisa, akaukumbatia, akauweka chini, akateleza. Mwenyewe. Hakuna aliyemgusa. Laki nane na nusu imeondoka na viatu vya mtu.

Binti Pwani:
Uuuuwi. Hii inauma kuliko mbili ya uru.

Ree wa Kopa:
Haiumi kuliko. Kipa alikuandikia "asante kwa nauli"?

Mkeka Wangu:
Kipa alilia mkuu. Tulilia wote.

Ngamia Bubu:
Uzi wa mikeka upo kule juu. Mods unganisheni.

Mama Wawili Mbagala:
Wanaume mnachezea hela usiku kucha, sisi huku mwenye nyumba kaja asubuhi na daftari lake anagawa bili ya umeme kwa vichwa. Kwa VICHWA. Mtoto wa miezi minne kahesabiwa kichwa! Chumba cha pili wana friji mbili na pasi, wako vichwa viwili. Mimi nina taa moja na feni mbovu, niko vichwa vitatu.

Dereva Bajaji:
Huyo mwenye nyumba ni kiboko. Mtoto anatumia yuniti ngapi?

Mlinzi wa Zamu:
Dada funga submita yako (mita ndogo ya chumba chako), achana na daftari. Wa kwangu naye alikuwa na mchezo huo, nilipofunga submita akaacha kunisalimia.

Mzee wa Poti:
Wa kwangu anahesabu hadi wageni. Shemeji kalala siku moja, kaandikwa.

Ree wa Kopa:
Jamani kuna mtu yuko mezani sasa hivi? Nimerudi, na paka yupo. Kanikaribisha, kaandika "konda amerudi". Mmeona? MMEONA?

Mama Wawili Mbagala:
Submita Kariakoo bei gani kwa sasa?

Profesa wa Kijiweni:
Inategemea na aina. Ila mpe fundi anayejua, usimpe yule wa pale kona kwetu, mnamjua, alinifungia ya kwangu kinyumenyume ikawa inamsomea jirani.

Mama Wawili Mbagala:
Nitumie namba ya fundi mzuri inbox kaka, nahitaji kabla ya mwisho wa mwezi.