Ligi mpya ya wasichana, Ilemela, Mwanza: nifanye nini watu waje uwanjani?

FundiCherehani_Igombe

Mwangaluka wadau. Naombeni ushauri, na tafadhali someni mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Igombe. Mwaka huu sisi akina mama wanne pamoja na mwalimu mmoja wa michezo tumeanzisha ligi ya wasichana. Timu ni sita: Igombe mbili, Kayenze, Sangabuye, Kirumba, na moja inatoka kisiwa cha Bezi, inavuka kwa mtumbwi kila mechi. Kibali tunacho. Marefa tumepata wawili waliosomea, wanachukua nauli tu. Jezi nimeshona mwenyewe, seti sita, usiku nikishamaliza kazi za wateja. Namba nimezikata kwa kitambaa cheupe nikazishonea kwa mkono, maana bei ya kuchapisha ingetumaliza kabla hatujaanza. Nyavu za goli ni nyavu za sangara zilizochakaa, tumepewa mwaloni tukaziunga.

Mechi ya kwanza tuliiweka Jumapili saa 10 jioni. Wiki nzima nilipita sokoni na kwenye vijiwe nikiwaambia watu: jamani, tupende vya kwetu, hawa ni watoto wetu. Kila mtu aliniitikia "kweli mama, tutakuja." Siku ilipofika niliwahesabu. Watu 31, na 22 kati yao ni watoto wadogo. Ng'ambo ya barabara kibanda umiza, kile cha kuonyesha mechi kwenye skrini, kimefurika, wengine wanachungulia dirishani, na pale wamelipa mia tano. Kwetu ni bure.

Sasa niwaambie kilichoniuma. Dakika za mwisho Igombe walipata penalti. Kipa wa Bezi ana miaka 16, anadaka peku kwa sababu daluga alizopewa zinambana. Aliruka kulia, mpira ukamgonga kiganjani, ukapiga mtambaa panya, ukarudi uwanjani, akaurukia tena akaukumbatia akiwa amepiga magoti. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yule mtoto akainuka, akageuka kutazama ni nani mwingine ameona. Hapakuwa na mtu nyuma ya goli lile. Sura yake sijaisahau mpaka leo.

Kuna na wazazi. Baba mmoja wa Sangabuye amemzuia binti yake, anasema mpira unamharibu mtoto wa kike. Nilikwenda kwake mara mbili, ya pili hakunikaribisha ndani.

Swali langu: mtu anayempenda Simba au Yanga tangu utoto, au Arsenal ambayo hajawahi kuikanyagia hata geti, nimshike wapi ili aipende na timu ya mtaa wake? Sitafuti pesa kwanza. Natafuta macho ya watu.

Kijana_Buzuruga

Mama shikamoo. Nitasema ukweli ingawa hutaupenda. Watu hawafuati ligi, wanafuata mvuto. Tangaza mbuzi kwa bingwa, leta msanii wa hapa mjini aimbe nyimbo mbili wakati wa mapumziko, uwanja utajaa. Habari ya kupenda vya kwetu imechosha, kila mwenye biashara mbovu anaitumia. Na mpira wa wasichana bado watu wanauona kama mazoezi. Ukishajaza mara tatu nne, wadhamini watakuja wenyewe.

Mzee_wa_Marobota

Binti yangu, hongera kwa hizo jezi. Kijana hapo juu ana nusu ya ukweli.

Mimi nilikuwa mpima marobota ya pamba wakati timu yetu ya Pamba inachukua ubingwa wa nchi, mwaka 1990. Sikumbuki mtu kupita na kipaza sauti akituhimiza tuwe wazalendo. Timu ilikuwa ya watu wa pamba, na huku kwetu nani hakuwa mtu wa pamba? Mkulima wa Magu au Kwimba aliyeleta zao lake alijua TP Lindanda, ndiyo hiyo Pamba, imetoka jashoni mwake. Winga alikuwa anakunywa chai kibandani pale pale ninapokunywa mimi. Ukimtukana uwanjani Jumamosi, Jumatatu utamtazama usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kamba yetu.

Kisha nikuonyeshe ilivyokatika. Mwaka 2017 Mbao, timu ya hapa Mwanza, waliwafunga Yanga bao moja hapa Kirumba, nusu fainali ya kombe la shirikisho la hapa nchini. Jirani yangu jukwaani alikuja na jezi ya Yanga, akatoka anaimba Mbao. Fainali Dodoma tulipoteza kwa Simba 2-1 katika dakika za nyongeza na bado tulijivuna. Miaka mitatu baadaye, msimu mmoja, Mbao na Alliance, zote za hapa Mwanza, zikashuka ligi kuu, na mechi za mwisho mwisho niliweza kuchagua kiti. Watu walikuja kumwona mkubwa akianguka. Mkubwa asipokuwepo, hawakuwa na mtu wa kumwangalia. Pamba yenyewe imekaa nje ya ligi kuu zaidi ya miaka 20 mpaka iliporudi 2024 kwa jina la Pamba Jiji, na siku iliyopanda niliwaona wazee wenzangu wakilia barabarani. Wale hawakuwa wanalilia soka peke yake.

Kwa hiyo mbuzi na msanii atakuletea watu wa kumwangalia msanii. Wewe acha kuitangaza ligi. Mtangaze mtoto. Kila mchezaji, akisindikizwa na mama yake au shangazi, apite nyumba kumi za mtaa wake jioni. Aamkie, ataje jina lake, mtoto wa nani, anacheza namba ngapi, mechi ni lini. Mtu akishaamkiwa mlangoni kwake na kipa, hataweza kusema siku ile hakujua.

Kibanda_Igombe

Mimi ndiye mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Dada, nimesoma nikaona aibu, maana zile kelele zako nilizisikia nikadhani kuna ugomvi.

Naomba usinihesabu adui. Kwanza tatizo ni saa. Mechi za Jumapili zinazoanza saa 8 mchana kule Uingereza, kwetu ni saa 10 jioni, ndiyo saa uliyoiweka wewe. Mwisho wa Oktoba wakirudisha saa zao nyuma itakuwa saa 11. Ukianza saa 8 na nusu unamaliza kabla sijawasha spika, wateja wangu wanapitia kwako ndipo waje kwangu. Jua ni kali saa hizo, najua, ila ile miembe ya upande wa ziwa ina kivuli cha kutosha watu mia.

La pili. Mtafute kijana mwenye simu nzuri arekodi mechi, mabao na madaka tu, dakika tano. Aniletee kwenye flashi. Nitaziweka wakati wa mapumziko ya mechi kubwa, skrini ile ile. Nina watu 80 mpaka 100 mechi ikiwa nzuri. Wakimwona mtoto wa jirani kwenye skrini waliyozoea kumwona Saka wa Arsenal, watauliza anacheza lini tena. Ile penalti ingekuwa imerekodiwa ningeirudia mara tatu.

Na yule baba wa Sangabuye mwambie habari za Aisha Masaka. Alitoka Yanga Princess, timu ya wanawake ya Yanga, akaenda BK Häcken ya Uswidi, kisha Brighton, ligi ya wanawake ya Uingereza. Ni kazi inayolipa kama kazi nyingine. Akipenda aje kwangu, nitakaa naye.

FundiCherehani_Igombe

Marahaba kijana wa Buzuruga, sijakasirika. Ila mbuzi sitaki, angalau msimu huu. Niliona mashindano ya mbuzi hapa karibu: fainali umati, na baada ya fainali hakuna timu, hakuna ligi, hata mipira haijulikani imekwenda wapi. Mimi nataka Jumapili ya nane watu wawepo.

Mzee, shikamoo na wabeja sana. Hilo la nyumba kumi tunaanza wiki hii. Nimeuliza mabinti, wawili wakaona haya, waliobaki wakaanza kugombania mitaa.

Kaka wa kibanda, sikujua. Nitavuka barabara kesho.

Giza_na_Mbalamwezi

Nimechelewa, nilikuwa ziwani. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mtumbwi wangu unaegesha Kayenze na wakati mwingine hapo Igombe.

Dada, wote wamesema vizuri ila hakuna aliyetazama mwezi. Jumapili yenu ile ilikuwa giza, siku ambazo usiku hauna mwezi na dagaa wanafuata taa. Saa 10 jioni wakati wa giza mvuvi yuko wapi? Anachaji betri za taa, anapakia mafuta, anakagua wavu, saa 12 yuko majini. Asubuhi anarudi, anauza, analala. Na mke wake, au mama yake, ameanika dagaa mchangani tangu asubuhi, anageuza, anatazama mawingu, na jioni lazima aanue kabla umande haujashuka. Hao ndio wazazi wa timu nzima ya Bezi na nusu ya Kayenze. Ulitaka waje kwa miguu ipi? Watu wako hawakukataa. Walikuwa kazini.

Sasa mbalamwezi. Mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa zetu, tunapandisha mitumbwi, wiki moja na siku kadhaa tuko nchi kavu tunashona nyavu na kucheza bao. Hapo kijiji kizima kina muda. Weka mechi zako hapo. Badala ya moja kila Jumapili, cheza mbili tatu katika mbalamwezi moja, kisha pumzikeni wakati wa giza, watoto wafanye mazoezi na wasaidie nyumbani. Ratiba ya ligi hii iandikwe kwa kalenda ya mwezi.

Ila jambo moja muhimu. Mbalamwezi tuna muda, hatuna hela. Giza tuna hela, hatuna muda. Usije ukaweka kiingilio mbalamwezi, utamfukuza mtu akiwa na aibu ya mfuko mtupu. Michango ichukue giza, na uichukue kwa dagaa. Tajiri mwenye mtumbwi kukutolea elfu ishirini taslimu atazunguka wiki nzima. Ndoo moja ya dagaa asubuhi anapopakua ataitoa bila kuwaza, tena mbele ya wenzake. Ndoo kumi kwa giza moja, ukianika na kuuza vizuri Kirumba mwaloni, mafuta ya mtumbwi wa Bezi yanapatikana na daluga za yule kipa zinapatikana. Na mtu aliyetoa ndoo atakuja kuangalia ndoo yake inacheza vipi.

Kijana_Buzuruga

Nimenyamaza. Hilo la mwezi sikulijua, mimi ni mtu wa lami. Nina simu inayorekodi vizuri. Mama, nikija na daladala mpaka Igombe nitakula wapi?

FundiCherehani_Igombe

Utakula kwangu mwanangu, ugali na sato.

Kaka mvuvi, nimekaa Igombe miaka 11, nasikia giza na mbalamwezi kila siku, wateja wangu wenyewe hulipa madeni kwa giza, na bado ratiba niliipanga kwa Jumapili kama watu wa maofisini. Jana usiku tumekutana sisi watano, tumeifuta yote. Raundi ya pili inaanza mwezi ukiwa na siku 12, mechi tatu ndani ya siku saba, saa 8 na nusu chini ya miembe. Mwalimu amesema dakika 35 kila kipindi kwa ajili ya jua, na maji katikati. Mama mmoja wa kamati anauza dagaa, yeye ndiye atapokea ndoo na kuandika kwenye daftari, jina la mtumbwi na siku, na daftari litasomwa hadharani kabla ya mechi.

Kipa wa Bezi ameshapita nyumba kumi kisiwani kwao. Mama yake anasema alipita kumi na saba.

Giza_na_Mbalamwezi

Ndoo yangu ya kwanza iandikeni kesho asubuhi. Na siku ya mechi ya Bezi waambie wasikodi mtumbwi, nitawafuata mimi na wa kwangu, utakuwa umepandishwa tu bila kazi. Unabeba timu na wazazi wachache. Wa kukaa nyuma ya goli la yule mtoto nitawachagua wenye sauti.