listings au minted: ipi inafaa kwa mwongozo wenye msimbo mwingi?

Wino: Wakuu, naandaa mwongozo wa programu kwa LaTeX, mfumo wa kupanga hati za kuchapisha. Vipande vya msimbo ni vingi: Python, JavaScript na SQL kidogo. Nataka rangi zimsaidie msomaji, si mapambo. Kati ya listings na minted, pakeji za LaTeX za kuonyesha msimbo, nishike ipi?

FundiChapa: Kwa JavaScript, listings itakuchosha mkuu. Lugha hiyo haimo, utaorodhesha maneno yake mwenyewe. minted huikabidhi kazi Pygments, programu ya Python ya kupaka msimbo rangi, ambayo inazijua lugha zaidi ya 500 na huchambua msimbo kwa kina. Kwenye f-string ya Python, yaani maandishi yanayopachikwa vigeu, jina la kigeu lililo ndani ya mabano hutofautishwa na maandishi yanayolizunguka. listings haifiki huko.

Herufi: Sikatai, ila minted haifanyi kazi bila Python kwenye mashine. Na kwa miaka mingi ilidai -shell-escape, yaani LaTeX iruhusiwe kuendesha amri yoyote ya nje. Ukipokea faili la mtu usiyemjua, ruhusa hiyo ni hatari kweli. listings inatosheka na LaTeX yenyewe.

FundiChapa: Hilo la ruhusa limepungua. Toleo la 3 la minted lilitoka 2024, na kwa TeX Live (mkusanyiko wa LaTeX na pakeji zake) ya mwaka huo na kuendelea hulazimiki tena kuweka -shell-escape. Mchapishaji asiye na Python mpelekee faili zilizokwisha pakwa rangi, kwa chaguo la frozencache.

Nukta: Mnasahau anayenakili msimbo kutoka kwenye PDF! Kwa listings weka upquote=true, la sivyo alama za nukuu hujipinda na msimbo ulionakiliwa hukataa kufanya kazi. Ongeza columns=fullflexible na keepspaces, herufi zisitawanyike. Herufi kama é nazo huisumbua listings ukitumia pdfLaTeX, injini ya kawaida ya LaTeX.

Kuna pakeji ya piton pia, kwa wanaotumia LuaLaTeX, injini nyingine ya LaTeX. Haihitaji programu ya nje, na Python na SQL zimo. JavaScript ndiyo haimo.

Herufi: Jambo jingine, Wino: utachapisha kwa wino mweusi? Nyekundu na kijani vikiiva sawa, kwenye karatasi vyote huwa kijivu kilekile. Maneno ya lugha yawe mazito, maelezo yawe ya herufi za mlazo. Pygments ina mtindo wa bw kwa kazi hiyo.

Wino: Utachapishwa, ndiyo. Basi nachukua minted na bw. Mistari mirefu inayotoka nje ya ukingo je?

Nukta: Weka chaguo la breaklines, mistari ivunjwe. Pakeji zote mbili zinalo.