Tairi za Yamaha R3 kwa barabara za Tabora: nichague zipi?

Isevya_R3
Wakuu, salaam. Tairi za pikipiki yangu, R3, zimefika mwisho. Ya nyuma imeisha katikati tu na kuwa bapa, pembeni kashata (vinundu vya mpira) bado nzima. Ya mbele ni ya 2018 lakini mifereji ipo. Matumizi ni Tabora mjini, na safari za Nzega na Urambo, karibu yote lami. Muuzaji wa Dar anayetuma kwa basi ana 150/60 ya nyuma, anasema inaingia na inapendeza. Ninunue hiyo nibaki na ya mbele?

fundi_ringi
Badili zote mbili, mkuu, na hiyo 150/60 iache. R3 imetoka kiwandani na 110/70-17 mbele na 140/70-17 nyuma, ringi ya nyuma ina upana wa inchi 4. 150 inaingia, ni kweli, lakini piga hesabu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana huo: 140/70 ina ukuta wa milimita 98, 150/60 ina 90. Mkia unashuka milimita 8, na pikipiki inakuwa nzito kuingia kona. Umelipa zaidi ili iendeke vibaya.

Ubapa umetokana na barabara zetu. Kwenda Nzega pikipiki inasimama wima muda wote, tairi inasagika katikati peke yake. Ukija kuinamisha, inafika kwenye ukingo wa ubapa na kudondoka ghafla badala ya kulala taratibu. Ndiyo maana tairi laini za mashindano hazifai huku: utamaliza katikati pembeni hujagusa. Michelin Pilot Street inatosha kabisa kwa matumizi hayo. Ukitaka mshiko zaidi, Pirelli Diablo Rosso III ipo kwa saizi zote mbili, ila ni ya kimichezo zaidi, kwa hiyo tegemea katikati iwahi kuisha.

Angalia pia herufi. R kati ya 70 na 17 ni radiali, yaani nyuzi za ndani zinakatiza moja kwa moja. Kistari ni tairi ya nyuzi za kupishana. Usifunge moja mbele na nyingine nyuma, kwa sababu zinajipinda tofauti kwenye kona. Kisha namba ya uzito ambao tairi inabeba: 54 mbele (kilo 212) na 66 nyuma (kilo 300). Herufi ya mwendo iwe H (kilomita 210 kwa saa), kama ya kiwandani. Ukiona P ni 150 tu, na R3 inapita hapo.

Kitete_17
Kuhusu ya mbele: mifereji haikuambii umri. Mpira unakauka, na kwenye mvua za Novemba tairi kavu inateleza hata ikiwa na kashata ndefu. Mwambie muuzaji apige picha ya tarakimu nne za mwisho za DOT (alama ya ukutani inayoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa) kabla hujatuma hela. 3524 ni wiki ya 35 ya 2024. Tafuta nyufa ndogo kama nywele kwenye ukuta na chini ya mifereji.

Isevya_R3
Nimewaelewa, nachukua 140/70 na 110/70. Fundi wa pancha hapa mtaani anashauri tuweke tyubu ndani ili pancha isisumbue. Sawa?

fundi_ringi
Hapana. Ringi ya R3 ni ya tyublesi, yaani tairi isiyotumia tyubu. Msumari ukiingia kwenye tyublesi upepo hutoka polepole, unapata nafasi ya kusimama. Tyubu ikipasuka upepo unaisha mara moja. Tena tyubu inasuguana na tairi na kuongeza joto, na jua la Oktoba unalijua. Pancha ya katikati izibwe kwa kiraka cha ndani. Ile kamba ya gundi ni ya kukufikisha nyumbani. Ikiwa ukutani, tairi imekwisha.

Wakati wa kufunga, simama hapo uangalie haya. Gurudumu lisilazwe juu ya diski, inapinda. Weka matairi ya gari au mbao chini. Kama ni ya ABS (breki zinazozuia gurudumu kujifunga), ile pete yenye matundu isiguswe na mtaimbo. Mshale ukutani uelekee gurudumu linakozunguka. Vali mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Midomo ya tairi (kingo zinazokaa kwenye ringi) ipakwe maji ya sabuni, kamwe si oili wala grisi: mafuta yanaharibu mpira, na tairi inaweza kuteleza kwenye ringi ukikanyaga breki. Jaza upepo hadi midomo ikae na kulia "pa" pande zote mbili. Ikifika psi 40 haijalia, usiongeze. Toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Mstari mwembamba wa tairi ulio kando ya ringi uwe na umbali uleule kuzunguka kote. Baada ya hapo balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu), halafu panga cheni, maana gurudumu likikaa mshazari tairi mpya italiwa upande mmoja.

Kitete_17
Upepo: psi 29 mbele, 36 nyuma, upimwe asubuhi kabla hujatembea. Ukifika Nzega na tairi ya moto ukakuta 40 nyuma, usipunguze, ni joto tu. Na kilomita 160 za kwanza usiinamishe sana wala kubana breki kwa ghafla, uso wa tairi mpya unateleza. Usipake mafuta ya kung'arisha.

Isevya_R3
Shukrani wakuu. Picha ya DOT imekuja: mbele 1125, nyuma 0825. Natuma hela.