Damu imetolewa, kiharusi kimejitokeza: fuvu lifunguliwe tena?

wodi_ya_pili: Wakuu, tuseme kijana wa bodaboda kaletwa na GCS 6 (kipimo cha fahamu, 3 hadi 15), mboni ya kulia imepanuka. CT (picha ya ndani ya kichwa): damu chini ya dura (utando mgumu unaofunika ubongo) upande wa kulia, unene milimita 14, mstari wa kati wa ubongo umesogea milimita 11. Damu ikatolewa, mfupa ukarudishwa. CT ya kesho yake ina weusi nyuma kulia (ubongo uliokosa damu), na ubongo unazidi kuvimba. Kiharusi hiki kimetoka wapi, na mfupa utolewe?

neva_ya_tatu: Kimetokana na kubanwa. Ubongo ukisukumwa, ncha ya ndani ya lobu ya temporali (sehemu ya ubongo iliyo upande wa sikio) hushuka na kukandamiza ateri ya nyuma ya ubongo kwenye ukingo wa tentoriamu (utando unaotenganisha ubongo mkubwa na mdogo). Neva ya 3, inayosinyaza mboni, inapita hapohapo, ndiyo maana mboni ilipanuka. Sehemu iliyokufa hairudi. Akizinduka, huenda asione nusu ya kushoto.

Weusi ungekuwa eneo la ateri ya kati ya ubongo, ningetaka CT ya mishipa ya shingo kwanza. Karotidi (ateri kuu ya shingo) huchanika kwa ndani, hasa sakafu ya fuvu au shingo ikivunjika. Huo ni mtego: tiba yake ni dawa za kuzuia damu kuganda, na kichwa kimetoka kupasuliwa jana.

kisu_chembamba: Shinikizo la fuvu likigoma juu ya 25 mmHg wakati kichwa kimeinuliwa nyuzi 30, usingizi umekolea na manitoli, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, imeingia (gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo, presha ya sistoli ikiwa chini ya 90 achana nayo, tumia maji ya chumvi ya 3%), toa mfupa.

Kipande kisipungue sentimita 12 kwa 15. Tundu likiwa dogo, ubongo unachomoza kama uyoga, kingo za mfupa zinakaba vena, na hapo umemtengenezea kiharusi kingine kwa mkono wako. Mfupa wa temporali ung'atwe hadi sakafu ya fosa ya kati (shimo la fuvu linalobeba lobu hiyo), la sivyo ile ncha inabaki imebanwa. Kaa sentimita 2 hivi kutoka mstari wa kati, sainasi (mfereji mkubwa wa damu ya vena) iko pale. Dura ifungue taratibu, kisha shonea kiraka cha periosti (utando wa juu ya mfupa) kilicholegea. Kama hamna friza ya nyuzi −80, mfupa uhifadhiwe chini ya ngozi ya tumbo.

wodi_ya_pili: Ndugu waambiwe nini?

neva_ya_tatu: Ukweli wote, kabla hawajasaini. Utafiti wa RESCUEicp wa 2016, kuhusu kutoa mfupa wa fuvu shinikizo likigoma kushuka: miezi 6 baadaye walikuwa wamekufa 26.9% ya waliotolewa mfupa, dhidi ya 48.9% ya waliotibiwa kwa dawa. Ila waliobaki hai bila fahamu walikuwa 8.5% dhidi ya 2.1%. Kuokoa uhai ni jambo moja, kumrudisha mtu kazini ni jingine.

kisu_chembamba: CT irudiwe mapema: shinikizo likishuka ghafla, damu iliyokuwa imezibwa upande wa pili huweza kuvuja. Na andikeni juu ya bandeji kwa herufi kubwa, HAKUNA MFUPA KULIA. Anayemgeuza usiku hajasoma faili.