Kikundi cha Wakazi wa Mtaa, Nyali, Mombasa: Ombi la Kubadilisha Matumizi ya Kituo cha Maduka

Mwenyekiti: Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Tangazo lililobandikwa kwenye lango la kituo chetu cha maduka nimelisoma hadi mwisho. Mwenye jengo anaiomba kaunti imruhusu kubadilisha matumizi ya kiwanja kutoka biashara pekee hadi biashara pamoja na makazi, ili abomoe upande wa nyuma na kujenga ghorofa za kupangisha. Tumepewa siku 14 za kuwasilisha maoni au pingamizi kwa maandishi. Naomba kila mmoja atoe rai yake.

Baba Fahim: Wa alaykum salaam, Mwenyekiti. Mimi napinga moja kwa moja. Barabara yetu ya ndani haina hata njia ya waendao kwa miguu, na tayari magari yanaegeshwa pande zote mbili. Gari la zimamoto likiitwa usiku, halitapita.

Mama Salma: Baba Fahim, nakuheshimu, lakini nakuomba utufikirie na sisi tulio ndani ya jengo hilo. Duka kuu lililokuwa likituvutia wateja lilifungwa katika miaka ile ile ambayo kampuni za maduka makubwa, Nakumatt, kisha Tuskys, zilianguka nchi nzima, na mpaka leo nafasi yake haijapata mpangaji wa kudumu. Ghorofa ya juu ni giza. Wenzangu wamehama mmoja baada ya mwingine kwa sababu kodi na gharama za ulinzi hazipungui hata wateja wanapopungua. Wakija watu kuishi pale, watanunua mkate, watashona nguo, watatengeneza simu. Kukataa kila kitu ni kuliacha jengo life.

Mhandisi: Mama Salma amesema kweli, na hofu ya Baba Fahim pia ni ya kweli. Nimekwenda ofisi ya mipango nikaangalia michoro. Idadi ya maegesho ni pungufu ya idadi ya nyumba, hata kabla ya kuhesabu duka moja. Maelezo yao ni kwamba nafasi zitatumiwa kwa zamu, wateja mchana na wakazi usiku. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana penye ofisi pekee hufanya kazi vizuri sana. Lakini husimama tu pale ambapo saa za pande mbili hazigongani. Hapa kwetu zinagongana tangu magharibi hadi saa tatu za usiku, wakati wafanyakazi wanarudi nyumbani na wateja ndio kwanza wanatoka kununua, jua likiwa limepoa. Mwezi wa Ramadhani saa hizo hurefuka zaidi. Hesabu ya magari iliyoambatishwa kwenye ombi ilifanywa asubuhi ya siku ya kazi, na hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote.

Ustadh: Na Ijumaa je? Waumini wengi huegesha katika uwanja wa kituo hicho wakati wa swala, kwa ridhaa ya mwenyewe. Uwanja ukijengwa, magari hayo yataingia mitaani.

Rehema: Shikamooni. Naomba kuongeza kwamba si kila mpangaji ana gari; wengi wetu tunatumia tuktuk na matatu. Jiji la Buffalo, Marekani, lilifuta mwaka 2017 masharti ya idadi ya chini ya maegesho, kwa hoja kwamba ardhi nyingi ilikuwa ikikaa bure kwa ajili ya magari. Tusije tukadai uwanja mkubwa wa lami usio na faida.

Mhandisi: Marahaba, mwanangu, hoja yako ina uzito. Egesho moja ni kama mita 2.5 kwa 5, na ukiongeza njia ya kupita na kugeuzia, kila gari hula karibu mara mbili ya hapo. Lakini sharti likiondolewa, lazima pawe na mtu wa kusimamia barabara, na mtaa wetu hauna msimamizi. Bora tudai steji ya tuktuk ndani ya kiwanja na mahali pa kushushia mizigo, kuliko kudai maegesho mengi yasiyo na mpango.

Baba Fahim: Kwa nini wasichimbe maegesho chini ya jengo?

Mhandisi: Inawezekana, ila tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na gharama ya kuchimba na kuzuia maji ya chini ni kubwa, mwishowe humfikia mpangaji kupitia kodi. Jambo la haraka ni hili: kwa Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Uamuzi ukitoka na tusiporidhika, tuna siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya mipango ya kaunti, na baada yake ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuweka sharti kabla ya kibali kutoka kuliko kukivunja baadaye. Ahadi ya mdomo ya mwenye jengo haimfungi atakayelinunua kesho.

Baba Fahim: Ikiwa masharti yataandikwa ndani ya kibali chenyewe, naondoa pingamizi langu la jumla.

Mama Salma: Naomba liongezwe sharti la wafanyabiashara waliopo kupewa nafasi ya kwanza katika maduka mapya, na njia ya wateja isifungwe wakati wa ujenzi.

Mwenyekiti: Barua itasema kwamba hatupingi makazi, bali tunataka magari yahesabiwe upya jioni na Ijumaa, steji na nafasi ya mizigo ziwe ndani ya kiwanja, maegesho ya wakazi yatengwe na ya wateja, na ombi la Mama Salma liandikwe kama alivyolisema. Mhandisi ataandaa rasimu leo usiku, na karatasi ya sahihi itakuwa dukani kwa Mama Salma kuanzia kesho asubuhi. Kila anayetia sahihi aandike pia namba ya nyumba yake.