Naomba ushauri: kiti cha marehemu baba, nikitengeneze au nikiache kilivyo?

Wakuu, habari zenu. Nina kiti alichoniachia marehemu baba. Ni cha muundo ule wa namba 14 wa Thonet, kampuni ya samani ya Austria, uliobuniwa 1859: vipande 6 vya mbao zilizopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2, basi. Viti vya muundo huu vimetengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo sidai kwamba ni kitu adimu.

Ila changu kina alama. Juu ya egemeo rangi imelika pale baba alipokuwa akishika kila akiinuka, hasa miaka ya mwisho magoti yalipomsumbua. Mguu mmoja una mikwaruzo niliyoichora kwa msumari nikiwa mdogo, na baba alikataa kuifuta. Nikiweka kiganja pale palipolika, naona kama namshika mkono.

Sasa kikalio cha henzirani kimepasuka na kiungo kimoja kinacheza. Fundi seremala anataka akipige msasa chote na kupaka vanishi, anasema kitakuwa kama kipya. Namwamini kwa kazi, lakini upya huo ndio unaonitisha. Mdogo wangu yeye anataka tukiweke tu, tusikikalie tena. Hilo nalo linaniuma, maana baba hakukinunua kiwe pambo.

Je, inawezekana kusuka kikalio upya na kukaza kiungo bila kugusa rangi ya zamani? Nimwambie fundi nini hasa? Na mliowahi kutengeneza kitu cha mzazi, mlijuta?