Naomba ushauri: dawa ya maji ya kutengenezewa mtoto

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mjukuu wangu mwenye maradhi ya moyo, uzito wake kilo 7, ameandikiwa spironolaktoni, dawa ya kuondoa maji yaliyozidi mwilini, miligramu 7 kwa siku, ilhali hapa Lamu tunapata vidonge vya miligramu 25 tu. Mama yake hukikata kidonge kwa wembe juu ya kisahani, na vipande, wallahi, havilingani hata siku moja. Nimeelezwa kuwa mfamasia aweza kuvisaga vidonge kwenye kinu, akauchanganya unga na shira maalumu kidogo kidogo hadi kila mililita iwe na kipimo kinachojulikana, kisha akaandika tarehe ya mwisho, kwani dawa hiyo haikai sana. Je, Malindi au Mombasa yupo afanyaye kazi hii, na chupa itafikaje Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvushwa hadi kisiwani bila kuharibiwa na joto?